Stima, gesi au makaa: Uchaguzi wa jikoni unaogusa mapafu

Watu wengi wanapozungumza juu ya stima huzungumza juu ya gharama. Tokeni zimeisha upesi, bei imepanda, taa zimepotea. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kawi inayotumika nyumbani ni jambo la afya pia, na kwamba kile unachowasha ili kupika chai ya asubuhi huingia kifuani mwako na mwa watoto wako kabla chai yenyewe haijafika tumboni.

Jambo hili linawahusu hata wakazi wa mitaa kama Hurlingham. Nyumba nyingi za zamani zilizokuwa na bustani kubwa kandokando ya barabara ya Argwings Kodhek zimebomolewa, na mahali pake pamejengwa majumba ya ghorofa. Katika majumba hayo jikoni huwa padogo, dirisha huwa moja, na mara nyingi dirisha hilo hufungwa kwa sababu ya baridi au kelele za magari. Gesi imo, stima imo, na ukichunguza vizuri makaa pia yamo: kwenye roshani ambako maharagwe huchemshwa, na kwenye kibanda cha bawabu langoni.

Je, mkazi wa Nairobi anaweza kuchagua kawi iliyo safi? Na akichagua, atafaidika nini kiafya na itamgharimu kiasi gani?

Kampuni ni ile ile

Katika nchi kama Uingereza, wateja wa nyumbani waliruhusiwa kuchagua kampuni ya kuwauzia stima mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtu asiporidhika na bei huhamia kwa kampuni nyingine. Zipo hata kampuni zinazouza kile kinachoitwa stima ya kijani, yaani ile inayotokana na upepo, jua na maji. Nyaya zinazofika nyumbani hubaki zile zile. Kinachobadilika ni mkataba na hesabu.

Hapa kwetu mambo ni tofauti. Kampuni ya Kenya Power, ambayo asili yake ni kampuni ya stima ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka wa 1922, ndiyo inayofikisha stima katika nyumba za Nairobi. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine kuomba leseni ya kusambaza stima, lakini mpangaji wa kawaida wa Hurlingham bado hana orodha ya kampuni za kuchagua. Mita iliyo ukutani mwake ni ya Kenya Power, na bei anayolipa huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA.

Hata hivyo, msomaji asivunjike moyo. Lile ambalo wenzetu wa ng'ambo hulitafuta kwa kuhama kampuni, sisi kwa kiasi kikubwa tunalo tayari.

Stima yetu inatoka wapi?

Karibu asilimia 90 ya stima inayozalishwa nchini Kenya hutokana na vyanzo visivyokwisha. Fungu kubwa zaidi ni mvuke wa ardhini kutoka Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1981. Maji ya mto Tana huendesha mitambo ya mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Huko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, vinu 365 vya upepo viliunganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018. Mitambo ya jua ya Garissa ilifunguliwa mwaka wa 2019. Tangu mwisho wa mwaka wa 2022, Kenya pia hununua stima kutoka Ethiopia, ambayo hutegemea zaidi nguvu za maji.

Mitambo inayochoma mafuta mazito ingalipo, na huwashwa hasa jioni wakati kila nyumba inapopika na kuwasha taa, au mvua inapokosekana. Wakenya wenye umri wanakumbuka mgao wa stima wa mwaka wa 2000, ukame ulipokausha mabwawa. Mafuta hayo ndiyo huleta ile ada ya mafuta unayoiona kwenye bili, ambayo hupanda na kushuka kila mwezi.

Maana yake kwa afya ni hii: sufuria inayochemka kwa stima jijini Nairobi haitoi moshi wa kuni wala wa makaa ndani ya nyumba, na kule stima ilikotengenezwa, moshi uliotolewa ni mdogo. Ni nchi chache zinazoweza kusema hivyo. Lakini ni familia chache mno zinazonufaika jikoni. Katika sensa ya mwaka wa 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilitegemea kuni kupikia, karibu robo zilitumia gesi, na zile zilizotegemea stima hazikufika nyumba 1 katika kila 100.

Moshi unapoingia mwilini

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni mwaka wa 2020. Kati ya hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kwa nini moshi ni hatari hivyo? Unapochoma kuni, makaa au mafuta taa, hutoka chembechembe ndogo mno, nyembamba mara nyingi kuliko unywele wa binadamu. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, tukalitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Chembechembe hizi hupita hapo, zikashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia katika damu.

Kwa mtoto mdogo, madhara yake ni kuugua nimonia kwa urahisi, kwa sababu mapafu yanayowashwa kila siku hushindwa kufukuza viini vya maradhi. Kwa mtu mwenye pumu, moshi ni kama kibiriti kwenye nyasi kavu. Kwa mtu mzima aliyepika kwa moshi miaka 20 au 30, mirija ya hewa hupungua na pumzi humwishia akipanda ngazi, ingawa hajawahi kuvuta sigara. Damu nayo huathirika, hivyo magonjwa ya moyo na kiharusi huongezeka. Mama mjamzito anayevuta moshi huo kila siku anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo.

Ni wazi kwamba anayeumia zaidi ni yule anayekaa karibu na meko: mama wa nyumba, yaya, na mtoto aliyebebwa mgongoni.

Sumu isiyo na harufu

Wapo wanaodhani kwamba makaa yakishika vizuri na kuacha kutoa moshi, hatari imekwisha. Huo ni udanganyifu uliogharimu maisha ya watu wengi. Jiko lenye makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kwa wingi hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho.

Damu yetu hubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kila sehemu ya mwili. Kaboni monoksaidi inapoingia hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikachukua nafasi yake. Ubongo na moyo hukosa oksijeni hata kama mtu anaendelea kupumua. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Usingizi hugeuka kuwa wa kutoamka. Ndiyo sababu kila msimu wa baridi, mwezi wa Juni na Julai, hutokea habari za watu waliopatikana wamefariki chumbani pamoja na jiko.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha mpeleke hospitalini bila kukawia, kwani atahitaji kupewa oksijeni. Usimnyweshe maziwa ukidhani yatakata sumu. Sumu hii haiko tumboni. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa na kichwa wakati mmoja, na kichwa hicho hupoa wakitoka nje, shuku jiko kabla ya kushuku malaria.

Mafuta taa nayo

Mafuta taa hutumiwa sana katika vyumba vya Kibera na Kawangware, ambako wanaishi wengi wa wale wanaofanya kazi Hurlingham na Kilimani. Tangu mwaka wa 2018, serikali ilipoongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ili kuzuia wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli, hayawi tena kawi ya bei rahisi kama zamani. Moshi wa stovu unaudhi mapafu, na stovu ikipinduka huunguza.

Hatari nyingine ni watoto kuyanywa yakiwa yametiwa katika chupa ya soda. Mzazi anaonywa asimtapishe mtoto aliyekunywa mafuta taa. Yakirudi kooni yanaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia kali. Mkimbize hospitalini, na uende na ile chupa ili daktari aione.

Gesi: Nzuri, lakini ina masharti

Gesi ya mtungi ni safi mara nyingi kuliko makaa. Katika gesi, tena, mteja ana uhuru ambao katika stima hana: anaweza kuchagua kampuni anayoitaka. Serikali iliiwekea gesi kodi ya asilimia 16 mwezi wa Julai mwaka wa 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaiondoa mwaka wa 2023.

Masharti ya gesi ni mawili. La kwanza ni hewa. Mwali wa gesi hutoa hewa zinazoweza kuamsha pumu, kwa hiyo dirisha la jikoni lifunguliwe kila unapopika, na meko yakitoa mwali wa manjano badala ya buluu yaitiwe fundi. La pili ni mtungi wenyewe. Nunua kwa muuzaji anayejulikana na aliye na leseni, hakikisha mtungi una kizibo cha kampuni, na upimwe uzito mbele yako. Mlipuko wa Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari mwaka wa 2024, ulioua watu na kujeruhi mamia, ulianzia mahali palipokuwa pakijazwa gesi bila idhini. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote: funga mtungi, fungua madirisha, kisha utoke nje.

Hesabu ya stima

"Kupika kwa stima ni kujitafutia umaskini," husema wengi. Hebu tufanye hesabu.

Yuniti moja ya stima ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Birika la stima linalochemsha maji ya vikombe sita halimalizi hata robo ya yuniti. Sufuria ya presha ya stima yenye nguvu ya kilowati moja, hata ingewaka saa nzima bila kujizima, haiwezi kupita yuniti moja, na muda huo unatosha kuivisha githeri au maharagwe yaliyorowekwa. Lakini ukiyaweka maharagwe hayo katika sufuria ya kawaida juu ya koili ya kilowati moja na nusu kwa saa mbili na nusu, utatumia karibu yuniti 4. Ni stima ile ile. Tofauti ni chombo. Kwa miaka kadhaa sasa Kenya Power yenyewe imekuwa na kampeni iitwayo Pika na Power, ya kuwafundisha wateja jambo hili.

Sasa tuangalie bafuni. Shawa ya stima hutumia takriban kilowati 5 na nusu. Mtu mmoja akioga dakika 10, amemaliza karibu yuniti moja. Familia ya watu 4 wakioga mara moja kwa siku watatumia takriban yuniti 110 kwa mwezi, kabla hawajawasha taa hata moja.

Hapo ndipo ilipo siri ya bili. Kulingana na bei zilizoanza Aprili mwaka wa 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa katika madaraja matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia kati ya 31 na 100, na wanaopita 100. Kila daraja lina bei yake, ya chini ikiwa ya wale wa kwanza. Daraja lako huamuliwa kwa wastani wa miezi 3. Kwa hiyo anayelaumu sufuria kwa kumaliza tokeni huenda mwizi wake yumo bafuni. Akioga dakika 5 badala ya 10, ataokoa karibu yuniti 55 kwa mwezi, ambazo zinatosha kupika sehemu kubwa ya chakula cha familia.

Je, stima ni rahisi kuliko gesi? Mtungi wa kilo 13, tukihesabu joto linalofika kwenye chakula na lile linalopotea, hufanya kazi sawa na takriban yuniti 100 hadi 120 za stima kwenye koili au meko mazuri. Chukua pesa ulizolipa mara ya mwisho ulipoongeza tokeni, pamoja na kodi zote, uzigawe kwa yuniti ulizopata. Zidisha jibu kwa 110. Kisha linganisha na bei ya mtungi dukani kwako. Kwa wengi, gesi itakuwa na nafuu kwa kukaanga na kusonga ugali, na sufuria ya presha ya stima itashinda kwa maharagwe, githeri na nyama ngumu. Vyakula hivyo vya kuchemka muda mrefu ndivyo hasa vinavyofanya familia iliyo na gesi irudi kwenye makaa.

Jua kwenye paa

Mwenye nyumba anaweza pia kujitengenezea stima. Sheria ya mwaka wa 2019 na kanuni zake za 2024 zinamruhusu mteja mwenye paneli za sola kupeleka stima ya ziada kwenye nyaya za Kenya Power, na kwa kila yuniti 2 anazopeleka huhesabiwa 1 katika bili yake. Halipwi pesa mkononi. Kwa mpangaji wa ghorofa ya nne paa si lake, lakini wapangaji wakiungana wanaweza kumwomba mwenye jumba aweke mitambo ya sola ya kupasha maji. Hiyo ingeondoa ule mzigo wa yuniti 110.

Sola yenye betri ina faida nyingine ya kiafya. Stima ilipopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti mwaka wa 2023, jenereta zilinguruma kila pembe ya Nairobi, na moshi wake huo una ile ile kaboni monoksaidi. Jenereta isiwekwe kamwe kwenye roshani, chini ya ngazi au karibu na dirisha la mtu. Nyumba yenye mgonjwa anayetumia mashine ya kupumulia, au insulini iliyo katika friji, inafaa kuwa na betri ya akiba.

Msisahau langoni

Kuna mtu mmoja ambaye hesabu hizi zote humpita. Huyo ni bawabu. Jumba zima linaweza kuwa limeacha makaa, lakini yeye, katika kibanda cha futi nne kwa nne, usiku wa Julai, amefunga mlango na kidirisha, na miguuni pake pana jiko. Hewa anayovuta hapo ni mbaya kuliko ya jikoni kokote ghorofani, na anaivuta saa 12.

Wapangaji wanaolipa ada ya usafi na ulinzi kila mwezi wana uwezo wa kuliondoa jambo hili katika mkutano mmoja: soketi moja ya stima kibandani, birika la chai, hita ndogo, koti zito, na tundu la hewa juu ya mlango ambalo haliwezi kuzibwa. Gharama yake ikigawanywa kwa nyumba zote ni ndogo. Hadi hapo jiko likae nje, na bawabu aelezwe sababu, kwa maana wengi hawajawahi kuambiwa kwamba makaa yasiyo na moshi huua.

Ushauri kwa kifupi

Usilale na jiko la makaa ndani, hata likiwa limebaki majivu ya moto. Fungua dirisha kila unapopika, iwe kwa gesi au kwa mafuta taa. Vyakula vya kuchemka muda mrefu vihamishie kwenye stima kwanza. Huo ndio mwanzo ulio rahisi. Punguza dakika za shawa ili ubaki katika daraja la bei ya chini. Weka gesi kama akiba ya siku taa zinapopotea, na makaa yaache kwa nyama choma ya nje. Na mtoto anayekohoa mara kwa mara apelekwe kwa daktari. Huko mweleze bila kuficha nyumba yenu hupikia nini.

Kampuni ya stima hukuichagua wewe. Lakini kile kinachowaka jikoni mwako na langoni pako unakichagua kila siku.